Nilisema mkwe wangu hana tohara, kumbe uyoga niliuharibu mwenyewe

Asalaam aleykum admin. Naomba jina langu na la kijiji changu yasitokee, utaona mbele kwa nini. Nikikosea kuandika mnivumilie, niliishia darasa la saba. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, naishi huku Nachingwea. Mwanangu wa pekee ni utingo wa lori, yuko Mtwara. Mkewe nilikuwa nakaa naye mimi, binti wa Ruangwa, mpole, aliniita mama mpaka nikasahau kuwa sikumzaa.

Bwana shamba alitufundisha akina mama kuotesha uyoga nyumbani. Unachemsha mabua ya mahindi kwenye pipa, yakipoa unayajaza kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu, unaitundika kwenye chumba cha giza. Akasisitiza, "Anayeingia humo awe msafi." Mimi nikajua ni tohara ya dini, ile ya kusalia. Nikawa siingii bila udhu. Mkwe wangu nikamwambia akiwa kwenye siku zake asiguse hata mlango.

Uyoga wa kwanza ulitoka mzuri, watu wakaufuata mpaka nyumbani. Wa pili, mifuko yote ikaota ukungu wa kijani, inanuka. Siku naigundua walikuwepo wanawake watatu wamekuja kununua. Nilijua mkwe wangu yuko kwenye siku zake, hasali wiki ile, na asubuhi nilimwona akitoka mle na ndoo ya maji. Hasira zikanipanda, nikamwambia mbele yao, "Umeingia huna tohara, umeniharibia!"

Mmoja wao, jirani mwenye maneno, akadakia, "Hana tohara ya nini, na mume yuko Mtwara mwezi wa nne huu? Mwenzetu, hiyo janaba kaipata kwa kulala na nani?"

Wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Mtoto wa watu akanitazama. "Mama, si uwaambie ulichomaanisha?" Nikageuka nikaanza kuishusha mifuko yangu, uchungu wake ulikuwa umenijaa.

Maneno yakafika Mtwara. Mwanangu akapiga simu, "Mama, ni kweli?" Neno moja tu lingetosha, hedhi. Nikaona haya kulitamka kwa mtoto wangu wa kiume. Nikasema, "Mimi nilichoona ni uyoga umeharibika." Akampigia mkewe akamtamkia talaka tatu.

Baadaye bwana shamba akaja, akanusa mfuko mmoja. "Mlichemsha muda gani?" Nikamwambia lisaa limoja, kuni zilikuwa chache. "Mama, nilisema masaa matatu! Na usafi ni kunawa mikono kwa sabuni. Siku za mwanamke na uyoga wapi na wapi?" Nikakaa chini palepale.

Nilimweleza mwanangu ukweli. Akajibu, "Nimeshatamka mama. Na nitajuaje kama sasa humfichii tu?" Nikaenda kwa shehe. Akasema talaka imeshapita, lakini dhambi ya kumsingizia mtu haiishi kwa kulia kwenye mswala, lazima nimsafishe mbele ya waliosikia.

Nikafunga safari mpaka kwao Ruangwa, alikorudi baada ya talaka. Alinitandikia mkeka, akanipa shikamoo, ila hakuniita mama tena. Nilipomwambia la shehe, akashika mkono wangu. "Kwangu nimekusamehe. Nakuomba usinitaje tena kwa watu. Huku wanajua tulishindwana tu. Ukilifufua hilo, litanifuata mpaka hapa."

Nimerudi nalo hivyo hivyo. Kijijini kwangu bado wanamwita malaya, nasikia kisimani, nateka maji naondoka. Nikisimama kumtetea namvunjia ombi la pekee aliloniomba. Nikinyamaza nitakutana na Mola wangu na jina la mtoto wa watu mdomoni mwangu. Mwanangu simu zangu anapokea kwa kulazimika. Sijui kama kuna mlango uliobaki.

Ndugu zangu mnaosoma, sitaki kufarijiwa. Niambieni tu, niseme au ninyamaze?