Jiwe Jeusi la Fulgence

Fulgence alimzuia kaka yake asipelekwe hospitali, kaka yake akafa, kisha Fulgence huyohuyo akasimama kwenye matanga akawaambia watu kwamba Hélène, mke wa marehemu, ndiye aliyemfuga nyoka aliyemuua. Huo ndio ubaya wenyewe. Yanayofuata ni namna ulivyotendeka.

Hélène ni mtoto wa pwani ya ziwa, upande wa Mahagi. Aliolewa Bunia, mtaa wa Saio, na huko ndiko mvi zilikomkuta. Shule hakuiona. Alikua kati ya vichanja vya samaki, na chini ya vichanja panya hawakosi, na panya hawakai peke yao: fira huwafuata, mweusi anayeng'aa kama chungu kilichopakwa mafuta, tumbo lake la rangi ya maziwa. Fira hamtafuti mtu. Anatafuta panya, chura, kifaranga, yai, hata nyoka mwenzake akimweza. Mtu kwake si chakula, ni usumbufu. Ukimwachia njia, anapita. Ukimziba, anasimama, anatanua shingo, anakupa nafasi ya kufikiri. Hélène amewajua wanaume wengi ambao hata nafasi hiyo hawaitoi.

Mmoja wao ni Fulgence, shemeji yake, kitinda mimba wa nyumba ile. Aliwahi kwenda kwenye machimbo ya Kilo kutafuta dhahabu akarudi na jiwe. Jiwe lenyewe ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukawa mweusi, naye alilitunza ndani ya kitambaa chekundu kama masalio ya mtakatifu. Ukiumwa na nyoka, linabandikwa kwenye jeraha, linanata, linanyonya sumu. Likishiba, linaanguka lenyewe. Kabla halijaanguka, mgonjwa hasogezwi. Hiyo ndiyo sheria ya jiwe, na mtaa mzima uliiamini, kwa kuwa aliyeisema alivaa koti.

Mahindi yake Fulgence aliyarundika chini, kwenye ukuta wa jiko la kaka yake. Kuyatundika juu ilikuwa kazi, na kazi na Fulgence hawajawahi kusalimiana.

"Shemeji," Hélène alimwambia, "ile mahindi haikai chini. Iko naita panya, na panya iko naita nyoka."

"Mama Ketsia, panya ya Saio inatumaka mwaliko?" Fulgence akacheka. "Basi njoo ulale juu ya mahindi, weye utakuwa paka yetu."

Hippolyte, mume wake, mfyatua matofali asiye na maneno mengi, alicheka pia. Hélène hajamsamehe kicheko hicho, ingawa anajua kwamba marehemu amekilipia.

Alasiri moja fira alitoka kwenye lile rundo akavuka uwanja, tumbo limejaa. Hélène alikuwa anaparua samaki pamoja na jirani yake Jeannine. Jeannine akanyanyua mchi.

"Acha apite," Hélène akamwambia. "Hana neno na siye. Anakula panya."

Fira akazunguka tanuri la matofali akapotea. Jioni ile Hélène aliomba tena rundo liondolewe. "Kesho," alisema Fulgence. Kesho ya Fulgence haijawahi kupambazuka.

Hata Hippolyte alipoumwa, alikuwa anamfanyia mdogo wake kazi. Alitumwa kuchambua mahindi, akaingiza mkono ndani ya rundo bila kutazama, na aliyekuwa ndani hakupewa njia ya kutoka. Alimng'ata kwenye kifundo cha mkono.

Hélène alikimbia barabarani akasimamisha pikipiki, moto kama wanavyoiita Bunia. Aliporudi, Fulgence alikuwa amekwisha kufika na utukufu wake. Alikuwa ameubana mkono kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akachanja kwa wembe, akabandika jiwe. Likanata. Watu wakaguna kwa heshima.

"Munaona? Iko nakunywa."

"Kitu yote kikavu kinanata kwenye damu," Hélène alisema. "Hata mukaa. Mubebeni, moto iko hapa."

"Jiwe haijaanguka."

"Fulgence, huyu ni kaka yako."

"Weye mwanamuke, toka inje. Kivuli ya mwanamuke inachafua jiwe."

Wakamtoa. Watu waliokula samaki wake kwa mkopo na kwa zawadi wakamvuta kwa kitenge chake mpaka barabarani, ambako mwenye pikipiki alikuwa bado anasubiri, injini inanguruma. Baada ya muda kijana akauliza kwa aibu, "Mama, niende?"

Kupitia mlangoni alimwona mume wake. Kope zilianguka kwanza, kisha ulimi ukawa mzito, kisha mate yakatiririka bila mwenyewe kuyafuta. Sumu ya fira hufunga hivyo: macho, mdomo, mwishowe pumzi.

"Analala," alisema Fulgence. "Sumu iko natoka."

Damu ikakauka, jiwe likaanguka. Wakapiga makofi. Hippolyte hakuyasikia.

Hélène hasemi kwamba hospitali ingemponya. Hilo Mungu analijua. Anasema tu kwamba hakufikishwa, na kwamba pikipiki ilikuwa mlangoni.

Kwenye matanga Fulgence alisimama na koti lake. "Jiwe yangu haishindwaka na nyoka ya Mungu," alisema. "Inashindwa na nyoka ya kutumwa. Jeannine, sema mbele ya watu: nani alisema nyoka apite?"

Jeannine akatazama vidole vya miguu yake. "Ni Mama Ketsia."

Sehemu ya panya akaimeza.

Tangu siku ile benchi la Hélène kanisani ni pana, maana hakuna anayekaa karibu naye. Sokoni wateja wanaruka meza yake. Ketsia, binti yake, akienda kuchota maji anaitwa mtoto wa mama ya nyoka. Na rundo la mahindi? Lilibaki palepale. Mtu akishapata mchawi, hana haja ya kufagia.

Mvua zikaja, panya wakanenepa, kifutu akahamia. Kifutu si kama fira, hazunguki kutafuta. Analala kando ya njia ya panya, mnene, mzito, rangi ya majani makavu, na hata akisikia miguu hakimbii. Uvivu wake ndio hatari yake. Mvivu mwenzake akamkanyaga. Fulgence aliumwa kisigino mchana kweupe, na Hélène, akiwa ndani, alisikia kila neno.

"Moto! Muniitie moto, nipelekeni hospitali!"

Jeannine alikuja mbio na kitambaa chekundu. "Papa Fulgence, jiwe ni hii."

"Acha na jiwe yako," akasema mwenye jiwe, akapanda pikipiki.

Hélène alimpelekea uji hospitalini, kwa sababu ndivyo inavyompasa shemeji. Mguu ulikuwa umevimba kama shina la mgomba, umejaa malengelenge, lakini mdomo ulikuwa mzima.

"Jiwe iko wapi, shemeji?"

"Usinicheke, Mama Ketsia."

"Sicheke. Nauliza tu. Huyu wako, nani alimutuma?"

Fulgence akageukia ukuta. "Ni panya ya mahindi," akasema.

"Basi utasema vile siku ya kutoa matanga. Na mudomo ileile."

"Nitasema."

Siku hiyo ilifika. Hélène alivua nguo za msiba, akakaa mbele, akangoja. Fulgence alikula vizuri, akainuka na fimbo yake, akawashukuru waganga wa hospitali, akamshukuru katekista, akamshukuru Mungu kwa mguu wake. Kisha akamtazama Hélène kwa huruma.

"Na mimi," akasema, "nimemusamehe shemeji yangu."

Watu wakasema amina. Wengine walilia, kwa uzuri wa moyo wake.

Fira hadaiwi kitu. Alifuata panya, akazibiwa njia, akafanya anachofanya fira. Wanaodaiwa wana miguu. Jeannine anadaiwa nusu ya maneno aliyoyameza kwenye matanga. Na Fulgence anadaiwa neno moja, lilelile alilolianza akiutazama ukuta wa hospitali, alimalize mbele ya watu walewale, amesimama, Ketsia akisikia: nyoka aliletwa na mahindi yangu, na kaka yangu nilimzuia mimi. Mpaka leo hajalisema.