Holi ya Rangi Mbili Nyuma ya Kitalu

Kitalu changu cha maua kiko kando ya barabara hapa Kiuu. Mwaka mmoja mama fulani wa mtaa wa Membley, mteja wangu, alitaka kuweka matofali ya kabro uani mpaka ukutani, akaniita nimng'olee kichaka kilichokuwa kinamzuia. Kilikuwa holi: majani magumu yenye miiba, kijani katikati na krimu kwenye kingo, yasiyopukutika mwaka mzima. Alisema nikitupe.

"Mama, hiki nakibeba mimi," nikamwambia.

Nilikipanda nyuma ya kitalu, na hapo nikakosea. Udongo wetu ni ule mweusi wa kushika maji. Mvua ilipoanza, mizizi ilikaa majini wiki tatu, majani yakaanguka karibu yote. Jirani yangu anayeuza mboga akaja kuangalia.

"Hiyo imekufa, dada. Panda sukuma hapo."

"Haijakufa," nilisema, ingawa sikuwa na hakika.

Nikakichimbua. Nikainua tuta la udongo mwekundu uliochanganywa na kokoto na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, nikakipanda juu yake. Baada ya miezi miwili yakatoka matawi mapya, marefu, yenye nguvu, kijani kitupu. Nilifurahi hadi nikamwita jirani aje ajionee.

Wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kutoka Thika kukaa nami kwa sababu macho yake yalikuwa yamefifia. Alikuwa amepogoa kahawa kwenye mashamba ya watu zaidi ya nusu ya maisha yake. Akasogeza uso karibu kabisa na kichaka, akapapasa, akasema, "Kata haya ya kijani yote."

"Ngai, mama! Si haya ndiyo yamekiokoa?"

"Yanakula chakula cha yale yenye krimu. Ukiyaacha, hiyo rangi unayoipenda hutaiona tena."

Tulinuniana siku mbili, na sikukata. Kiangazi kilipoisha, majani ya krimu yalikuwa yamebaki upande mmoja tu, chini, yamefunikwa. Niliona aibu. Nikachukua makasi, nikamshika mama mkono tukaenda. Hakuona vizuri, lakini kidole chake kilifika pale kila tawi lilipoanzia.

"Hapa, kwa shina. Ukikatia katikati litazaa mengine."

Nilikata huku nimeuma meno. Kilichobaki kilinifika magotini, cha kutia huruma.

Tangu siku hiyo nakikagua kila Jumamosi. Chipukizi la kijani kitupu likitokea, linaondoka papo hapo. Rangi ilirudi polepole. Ndipo nikaanza kuotesha vipandikizi. Vya kwanza vilioza vyote. Vya pili vilikauka nilipoenda matanga. Vya tatu nilivichomeka kwenye mchanga, nikavifunika kwa nailoni kivulini, na mama akawa anapapasa mchanga kila asubuhi kujua kama una unyevu. Saba vilishika.

Wateja wanaulizia matunda mekundu waliyoyaona kwenye kadi za Krismasi. Nawaambia ukweli: kinatoa vimaua vyeupe tu, kwa sababu holi huwa na mti dume na mti jike, jike hauzai bila dume karibu, na mimi nina mmoja ambao sijui ni upi. Nimeuliza kwenye vitalu kuanzia Githurai 45 hadi Thika mjini, sijapata wa pili. Alhamisi naenda kuutafuta Limuru.