Barua Inayojikunja

Mwalimu Tabea alifundisha biolojia Njombe kwa miaka ishirini na mbili, na sisi wenzake wa ofisi ya walimu hatukuwahi kumsikia akisema "sijui". Alikuwa mkali, nami nilimpenda hivyo hivyo. Swali lililomshinda alilicheka tu.

Rehana, binti wa mfanyabiashara wa Makambako, alichekwa mwaka 1997. Tabea alikuwa akieleza jinsi bakteria anavyoacha kutengeneza vitamini akishapata ya kutosha: protini fulani huishika jeni na kuizima. Rehana akanyoosha mkono. Je, ule ujumbe, ile nakala ya maagizo inayotoka kwenye jeni, hauwezi kuihisi vitamini wenyewe?

"Barua haijisomi," Tabea akajibu. Darasa likaangua kicheko. Toka siku hiyo Rehana hakuuliza tena kitu, na alipomaliza kidato cha sita akarudi dukani kwa baba yake kuuza vitenge.

Mwaka 2003 Tabea akatumiwa makala kutoka chuo kikuu. Aliisoma mara tatu, chai ikapoa. Kumbe kuna vitamini zinazojipachika kwenye ujumbe wenyewe, ujumbe ukajikunja, na kazi ikasimama palepale. Hakuna protini inayoamuru.

"Nilimnyamazisha mtoto aliyekuwa sahihi," akaniambia. Jumamosi tukapanda basi la Makambako. Aliogopa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo kumwona akiogopa.

Rehana alitupokea kwa shikamoo na viti. Tabea akakataa kukaa. Alichukua kitenge kimoja juu ya kaunta, akakikunja mpaka pindo lake likazama ndani.

"Vitamini ikikaa hapa, ujumbe unajikunja hivi. Hausomeki tena. Ulisema kweli, mwanangu, na mimi nikakucheka mbele za watu. Nisamehe."

Rehana alikitazama kile kitenge. Nikadhani atalia, au atatufukuza. Badala yake akanyoosha mkono, taratibu, kama yuko darasani.

"Na vitamini ikiisha, Mwalimu, huu uliokunjwa unakunjuka, au unaandikwa mwingine?"

Mwalimu Tabea akavuta kiti, akaketi.

"Sijui," akasema. "Wewe unaonaje?"