Nilimnyima Dada Yangu Kisu cha Daktari

Kosa ni langu. Msimtafute mwingine!

Nilikuwa nimezurura miaka ishirini, nikikata katani Tanga, barua ya mdogo wangu Nyamizi iliponikuta: "Kaka, sikio la kulia limekufa. La kushoto linavuma." Nikapanda lori, kisha treni daraja la tatu, siku tatu, hadi kijiji chetu cha ujamaa karibu na Tura. Baba alikuwa amekufa kiziwi. Shangazi pia.

Nikampeleka Nyamizi Dar es Salaam, binti yake akabaki kijijini. Daktari bingwa akauliza habari za ukoo wetu, akatikisa kichwa.

"Ndugu, huu ni ugonjwa wa kurithi. Uvimbe umeota kwenye mishipa ya kusikia, pande zote mbili. Wa kushoto bado mdogo. Tukiupasua sasa, huenda tukaliokoa sikio. Siahidi, lakini msichelewe."

Nikasema turudi kwanza tuwaarifu wazee. Lo, ujinga wangu!

Kijijini, baba mdogo akacheka. "Uvimbe gani? Huo mvumo ni babu anamwita awe mfumu, mganga wa kuagua watu kama yeye. Baba yenu alikataa, mizimu ikamziba masikio."

"Kaka, mimi nataka kisu," Nyamizi akasema.

"Nyamaza, unajua nini wewe?"

"Najua sikio langu!"

Sikumsikiliza. Ngoma za kwetu zilipolia, mimi niliyezikosa miaka yote ile, nililia machozi. Nikajiona nimerudi nyumbani. Kwa utamu wangu huo nikamwacha Nyamizi akae ugangani miezi minane, ngoma zikipigwa masikioni mwake!

Akaanza kuyumba akitembea. Ndipo nikambeba kurudi Dar.

"Ule mdogo ningeutoa nikaliacha sikio," daktari akasema. "Huu umeukumbatia mshipa wote. Sasa naokoa uhai tu."

Nyamizi alipozinduka baada ya kupasuliwa, nikamwita. Akanitazama midomo. "Kaka, sema kwa sauti." Nilikuwa napiga kelele hadi wauguzi wananigombeza!

Kijijini baba mdogo akatangaza kwamba hospitali ndiyo iliyomziba. Nikasimama mbele ya ukoo mzima.

"Si hospitali. Ni mimi na wewe!"

"Mzururaji! Unakuja kutufundisha?"

"Nafundisha! Na binti yake Nyamizi nampeleka akapimwe, mtake msitake."

Wakanipa la kuchagua: nichinje mbuzi niiombe mizimu radhi, au niondoke. Radhi nilishamwomba Nyamizi, kwa kumwandikia kwenye daftari. Alijibu: "Nimekusikia. Ila sijakusamehe." Ni haki yake. Mizimu haikupasuliwa kichwa!

Ninyi mnaosoma, mtu wa ukoo wenye viziwi akisema sikio linavuma, mpelekeni siku hiyo hiyo. Ulizeni anataka nini yeye, si ngoma inawaambia nini ninyi. Mkichelewa kama mimi, msije kusema hamkuambiwa.

Asubuhi ya kuondoka, Nyamizi alitangulia kupanda treni akiwa na binti yake. Baba mdogo alitufuata hadi stesheni ya Tura, akanilaani kwa sauti kubwa mbele za watu. Nikamwacha amalize. Kisha nikapanda, na sijarudi tena.