Karani wa Makundi

Kila Agosti, karani wa ligi ya mpira ya shule hutandaza kadi mezani, kila kadi shule moja, akizipanga makundi kwa wingi wa wanafunzi. Vidole vyake virefu havina haraka. Mwishoni kadi moja huifunika kifudifudi. Mwaka juzi alifunika shule moja ya kitongoji cha Norsborg, mwaka jana moja ya kitongoji cha Hagsätra, na zote mbili zilifungwa milango kabisa kabla ya Noeli. Leo Mama Perpétue, anayemletea kahawa, alimwona anaifunika shule ya mjukuu wake. Akatua kikombe, akaifunua.

“Sikutoka Uvira nije nifunikiwe mtoto hapa ugenini!”

Karani hakuinua macho.

“Sawa, mama,” akasema kwa upole, akimsogezea kadi zilizobaki. “Basi nichagulie wewe nyingine.”