Makufuli Mawili Dukani kwa Girish

Zamda ndiye aliyeleta habari. Alisimama mbele ya kibanda cha vitenge cha Severa, pale Kariakoo, akihema.

"Mama Fortu, unakunja vitenge wewe, na huko Mchafukoge mwanao anaaibishwa! Girish kasema mbele za wateja kwamba Fortunata anaitega ile kompyuta igande makusudi, ili aitwe, alipwe. Kesho anamfukuza."

Severa alimwachia kibanda, akaondoka akijifunga kanga njiani. Alikuwa mwoga wa mambo mengi, na kompyuta ilikuwa mojawapo: kitu kinachogoma bila kusema kimeudhiwa na nini. Lakini siku hiyo hasira ilitangulia. Fortunata! Mtoto aliyelelewa kwa cherehani, na cherehani yenyewe ikauzwa ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa na makasha ya kompyuta, ili binti asomee kuandika programu. Mtoto ambaye akizidishiwa chenji anairudisha. Leo atege mashine?

Duka la Girish la vyombo vya jumla lilikuwa na kaunta mbili, moja ya kuuzia, nyingine ya kutolea mzigo. Foleni ilifika barazani. Skrini zote mbili zilikuwa zimeganda, na Fortunata ameketi katikati, macho mekundu, amewakataza wauzaji wasiguse waya.

"Baba Utsav," Severa alimwambia Girish bila salamu, "mwanangu umemwitaje?"

"Mama, subiri. Asubuhi duka tupu, programu aliyoniandikia inakwenda safi. Wateja wakijaa, inaganda. Mimi nifikirie nini?"

"Ufikirie kuuliza kabla ya kutukana!"

"Mama, nimeshaiona shida," Fortunata akasema. "Kila ikiganda wanachomoa waya, na ushahidi unapotea. Leo nimewahi. Unakumbuka kinu cha Buguruni?"

Angesahau vipi? Nyumba nzima ya wapangaji ilikuwa na kinu kimoja na mchi mmoja. Euphrasia alikamata kinu, Blandina akakamata mchi, kila mmoja akakaa mlangoni kwake akingoja mwenzake aachie. Kisamvu hakikutwangwa siku ile.

"Ndiyo haya. Programu inafanya kazi mbili kwa pamoja. Kuuza kunafunga hesabu ya stoo kwanza, kisha kunataka printa. Kutoa mzigo kunapitia maktaba, yale maelekezo ya kuchapia tuliyonunua yameshaandikwa, yanayotumiwa na kaunta zote. Maktaba inafunga printa kwanza, halafu ndiyo inataka hesabu ya stoo. Kila kazi imeshika kufuli moja na inangoja la mwenzake. Duka likiwa tupu, hazigongani."

"Na hiyo maktaba kaileta nani?" Severa akauliza.

Girish akatazama dari. Aliinunua mwenyewe kwa jamaa wa mtaa wa jirani, bei ya chee, akamwambia Fortunata aipachike tu.

"Sina ruhusa ya kuibadili," Fortunata akasema. "Nitabadili upande wangu. Kuuza kukimaliza hesabu, kuachie stoo kwanza, ndipo kuombe printa."

Aliandika, akafuta, akaandika tena, huku foleni ikimnung'unikia. Kisha akamkalisha mama yake kaunta ya mzigo na Girish kaunta ya kuuzia. "Nikisema 'haya!', bonyezeni pamoja."

"Nitaiharibu," Severa akanong'ona.

"Ukiweza kuiharibu, nitakushukuru."

Walibonyeza, wakarudia, wakarudia tena mpaka kidole cha Severa kikamuuma. Printa ilitema karatasi bila kusita. Haikuganda.

"Basi, yameisha," Girish akasema. "Mama, nipishe kiti, wateja wanangoja."

Severa hakuinuka. "Ulimtukana mbele ya wateja. Mtakase mbele yao."

"Inuka, nitasema."

"Sema, nitainuka."

Jasvanti, mkewe Girish, aliyekuwa nyuma akifunga masufuria kwa kamba, akainua kichwa.

"Girish, achia wewe kwanza. Wewe ndiye uliyeshika jina la mtoto wa watu."

Girish akakohoa. "Fortunata hakutega kitu. Kosa halikuwa lake."

"Huku nyuma hatusikii, bosi!" mteja mmoja akadakia.

Akarudia kwa sauti, masikio yamemwiva. Severa akainuka, akakifuta kiti kwa pindo la kanga, akatoka bila kuaga. Alikuwa bado na hasira, na alitaka wote waione.