Ndege Waliponyamaza Kanyaruchinya

Sauti ya kwanza ya asubuhi, mwaka ule tulioishi chini ya hema katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, haikuwa ya jogoo, maana kuku wote walishaliwa. Ilikuwa ya ndege wa msitu wa mlima wa moto wa Nyiragongo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, kama sikosei. Alfajiri nilifuatana na mama na wanawake wenzake kutafuta kuni, na kabla ya kuingia msituni tulisimama ukingoni, miguu ikiganda kwa umande, tukisikiliza. Ndege wakubwa wenye mabawa mekundu wakigombania matunda, tuliingia. Wakinyamaza ghafla, tulisema kuna wenye bunduki ndani, tukarudi na kamba tupu.

Asubuhi moja wakanyamaza wote. Mama akageuka, nasi tukamfuata. Mama Neema, mjane aliyefika kambini wiki ile na watoto watatu, akabaki amesimama.

"Ni kipanga tu, bamama. Batoto yangu habawezi kula woga."

"Enda basi, utatusalimia huyo kipanga!" mmoja akamjibu, wakacheka.

Hapa niseme ukweli: kipanga mimi nilimwona. Alipita chini kabisa ameshika njiwa, manyoya yakaanguka kwenye majani. Sikusema. Labda nilimwogopa mama, labda niliona raha kuwa upande wa wengi, sijui vizuri.

Jua lilipokuwa limepanda, Mama Neema akarudi kambini na mzigo mzima wa kuni, kamba imemkaza kwenye paji la uso.

"Basoda ba pori banakujua jina, ao?" mama akamuuliza mbele ya watu, akimaanisha kwamba wenye bunduki walimwacha kwa kuwa ni mwenzao.

Mama Neema alicheka, akidhani ni mzaha. Alicheka peke yake. Mama yangu hakuwa mtu mbaya: dada yake aliingia msitu uleule mwezi uliotangulia, hakutoka. Lakini tangu siku ile hakuna aliyempa Mama Neema kaa la moto, wala nafasi kwenye foleni ya maji. Siku ya tatu aliondoka na watoto kuelekea Sake, mji ambao watu walikuwa wakiukimbia kwa sababu ya vita.

Leo ninakaa mjini, mtaa wa Majengo, ninapikia makala, yaani makaa, si kuni tena, na vita vimetuletea wageni tena. Juzi jirani aliniuliza kama mwanamke aliyehamia nyumba ya nyuma si mpelelezi. Nilimjibu kwamba simjui. Ni kweli, simjui. Habari ya Mama Neema niliijua, na hata maneno mawili, "nilimwona kipanga", sikuyatoa.